Barua za wakati wa vita zinathibitishaje kuporomoka kwa utumwa Marekani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Nikifundisha Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, huwaambia wanafunzi kwamba Abraham Lincoln alifuta utumwa kwa tangazo lake la tarehe 1 Januari 1863. Hivi karibuni nimesoma kwamba utumwa ulikuwa umeanza kuporomoka kabla ya tangazo hilo, na kwamba sehemu kubwa ya ushahidi ni barua zilizoandikwa wakati wa vita. Nina mashaka mawili. Watumwa wengi hawakujua kusoma wala kuandika, basi barua hizo zimetoka wapi? Na barua ya mtu mmoja mwenye uchungu wake inawezaje kuthibitisha jambo lililowahusu watu wapatao milioni nne?

Jibu: Mwalimu, mashaka yako yote mawili ni ya haki, na ukilijibu la kwanza vizuri, la pili nalo linaanza kufunguka. Barua hizo hazikutoka katika masanduku ya familia za watumwa, kwa kuwa familia zilizoweza kutunza karatasi kwa miaka 150 zilikuwa chache mno. Nyingi zimetoka katika mafaili ya jeshi la Muungano, yaani upande wa serikali ya Lincoln uliopigana na majimbo ya Kusini yaliyoasi, yaliyomo katika hifadhi ya nyaraka za taifa mjini Washington. Wizara ya Vita ilikuwa na desturi ya kusajili kila waraka uliofika, kuukunja, kuandika nyuma yake umetoka kwa nani na unahusu nini, kisha kuupitisha kwa afisa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiongeza maelekezo yake. Tangu mwaka 1976 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland wamekuwa wakipekua mafaili hayo na kuchapisha waliyoyakuta. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza barua inasema nini, uliza imefikaje pale ilipo. Mimi huihesabu safari ya barua kuwa nusu ya ushahidi wake, na katika jibu hili nitaeleza kwa nini.

Nianze na barua ambayo haikuandikwa na mtumwa. Mwezi Mei 1861, vita vikiwa na majuma machache tu, watumwa watatu walioitwa Frank Baker, James Townsend na Sheppard Mallory walitoroka kazi ya kujenga ngome ya waasi wa Kusini wakakimbilia Fort Monroe, ngome ya Muungano katika pwani ya Virginia. Mwenye mali alipotuma mjumbe kuwadai, Jenerali Benjamin Butler alikataa kuwarudisha. Hoja yake ilikuwa kwamba kama mali hiyo inatumika kumpiga vita, basi anaweza kuiteka kama anavyoteka mizinga. Siku chache baadaye, tarehe 27 Mei, alimwandikia mkuu wake, Jenerali Winfield Scott, barua ya mtu aliyezidiwa. Waliokuwa wakimfikia sasa walikuwa familia nzima, na yeye alikadiria kwamba ana “mali” ya aina hiyo yenye thamani ya dola 60,000. Kisha akauliza: je, naweza kupokea kazi ya baba na mama nikawakataa watoto wao? Nguvu ya barua hii kama ushahidi iko katika swali hilo. Serikali ya Lincoln wakati huo ilisisitiza kwamba inapigania Muungano na haina nia ya kugusa utumwa, na sheria ya kwanza ya kutwaa watumwa waliotumiwa na waasi vitani haikupitishwa mpaka tarehe 6 Agosti 1861. Jenerali anaomba mwongozo kuhusu jambo ambalo limekwisha kutokea mlangoni pake, na waliolitenda ni watu waliotembea usiku wakiwa wamebeba watoto.

Miezi michache baadaye tunampata John Boston, mtumwa aliyetoroka kutoka Maryland akajiunga na kambi ya kikosi cha 14 cha Brooklyn huko Upton Hill, Virginia. Tarehe 12 Januari 1862 alimwandikia mkewe Elizabeth, aliyebaki Owensville. Kwa tafsiri yangu, anamwambia kwamba leo anaweza kusema naye, Mungu ashukuriwe, akiwa mtu huru, na kwamba kama vile Bwana alivyowaongoza wana wa Israeli mpaka nchi ya Kanaani, ndivyo alivyomwongoza yeye. Angalia tarehe. Tangazo la Ukombozi lilikuwa bado mwaka mzima mbele. Kisheria John Boston alikuwa mali ya mtu, na Maryland ilikuwa jimbo la utumwa lililobaki ndani ya Muungano, kwa hiyo hata tangazo lenyewe, lililohusu maeneo ya waasi tu, lilipotoka halikuigusa. Ila yeye anaandika “mtu huru” kwa sababu kikosi kimemkubali na hakuna anayeweza kumtoa pale. Barua hiyo iliangukia mikononi mwa watu wengine, na wajumbe wa bunge la Maryland wakaipeleka kwa wakuu wa vita kama kielelezo cha malalamiko yao kwamba jeshi linawaficha watumwa wa raia watiifu. Ndiyo maana tunaisoma leo. Barua ya mapenzi ya mume kwa mke ilitunzwa kama hati ya mashtaka, na kwa kuitunza hivyo wenye watumwa wenyewe wakakiri kwamba wameshindwa kuwashika watu wao.

Barua ambayo ningependa wanafunzi wako wakae nayo kwa muda mrefu ni ya Spotswood Rice. Alikuwa mtumwa karibu na mji wa Glasgow, Missouri, jimbo ambalo tangu 1847 lilikuwa na sheria ya kukataza kuwafundisha watu weusi kusoma na kuandika. Alitoroka, akajiandikisha jeshini, na tarehe 3 Septemba 1864, akiwa mgonjwa hospitalini katika kambi ya Benton mjini St. Louis, aliandika barua mbili. Moja ilikwenda kwa binti zake Corra na Mary, waliokuwa bado utumwani Glasgow. Ya pili ilikwenda kwa Kitty Diggs, bibi aliyemmiliki Mary.

Barua kwa watoto inaanza hivi: nashika kalamu kuwaandikia mistari michache ili mjue kwamba sijawasahau. Msomaji wa Kiswahili ataitambua sauti hiyo mara moja. Wengi wetu tulikua tukimwandikia bibi au babu barua ambazo lazima zianze na salamu nyingi, kisha “madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kwamba mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali nami”. Nilipokuwa mtoto nilimwandikia bibi yangu barua za namna hiyo kwa wanawe waliokuwa mjini, naye hakukubali niruke hata neno moja la utangulizi. Barua za askari wa Marekani, weupe kwa weusi, nazo zilikuwa na kanuni zake, na kifungu cha kushika kalamu kilikuwa cha kila mtu. Usikihesabu kuwa ushahidi wa lolote zaidi ya kwamba mwandishi alijua adabu ya barua. Jambo la kutazama ni pale kanuni inapokatika.

Kwa Rice inakatika mapema sana. Anawaambia binti zake wawe na hakika kwamba atawapata hata ikimgharimu uhai wake. Anataja kwamba Kitty Diggs amedai kwamba yeye alijaribu kuwaiba watoto hao, naye anajibu kwamba Mungu hakukusudia kamwe mtu ahesabiwe mwizi kwa kuchukua damu yake mwenyewe. Halafu inakuja sentensi ninayoona ni nzito kuliko zote: kama Diggs hawatoi, serikali hii itawatoa. Miaka saba tu kabla ya hapo, mwaka 1857, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua katika kesi ya Dred Scott, mtumwa wa mji uleule wa St. Louis, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi hiyo. Sasa mtumwa mtoro aliyelazwa hospitalini anaitaja serikali kama mtu anayemtaja ndugu yake mwenye nguvu.

Kwa Kitty Diggs anaandika kwa ukali zaidi. Anamkumbusha kwamba zamani alikuwa tayari kumlipa dola 40 kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe, na kwamba sasa anafurahi kuwa hakuzipokea. Anamwambia amshikilie Mary kadiri awezavyo, lakini ajue kwamba kadiri anavyozidi kumzuia ndivyo atakavyozidi kuungua motoni, na ndivyo atakavyofika huko upesi zaidi. Mwanafunzi mwerevu atauliza hapo: je, hizi si hasira tu? Ni hasira, naam. Anataja pia mamia ya askari watakaopanda mto kuja Glasgow, na mimi nisingeitegemea barua hii kujua mipango ya jeshi. Ninachoweza kuitegemea ni mabadiliko ya bei. Mtu ambaye jana alikuwa akikusanya dola 40 ili amnunue mwanawe kwa utaratibu uliowekwa na mabwana, leo anaukataa utaratibu wenyewe, anaandika hivyo kwa mkono wake, anatia sahihi na kuituma kwa posta ya serikali. Asingethubutu kuandika hivyo mwaka 1860 akabaki salama.

Halafu fuata safari ya barua. Kaka yake Kitty, F. W. Diggs, alikuwa mkuu wa posta wa Glasgow. Yeye ndiye aliyezichukua barua zote mbili na kuziambatisha kwenye barua yake mwenyewe kwa Jenerali William Rosecrans, kamanda wa Missouri, akilalamika kwa kutukanwa na kuomba askari huyo aondolewe katika jimbo. Fikiri, mwalimu, nini kimetokea hapo. Bwana wa watumwa, mwenye cheo na mwenye ofisi, hana tena njia ya kumwadhibu mtu mweusi aliyemtukana dada yake. Hawezi kumtuma msimamizi na mjeledi wala kumwita mkamataji wa watoro. Anaandika barua ya maombi kwa jenerali, sawasawa na vile mtumwa alivyokuwa akiomba kwa bwana. Malalamiko ya Diggs yanathibitisha kuporomoka kwa utumwa Glasgow kwa uhakika zaidi kuliko ukali wa Rice, kwa sababu yeye hakuwa na nia yoyote ya kuthibitisha jambo hilo.

Ushahidi wa pembeni upo pia. Mwaka 1937 binti yule Mary, akiwa na miaka 85 na akijulikana kwa jina la ndoa la Mary Bell, alihojiwa St. Louis na waandishi walioajiriwa na serikali kukusanya kumbukumbu za waliowahi kuwa watumwa. Alimtaja Kitty Diggs kwa jina. Alieleza kwamba baba yake alifundishwa kusoma na mtoto wa bwana wake, na kwamba aliwasomea wenzake habari za ukombozi wakafurahi mno, hata ikawa hakuna awezaye kuwaendesha kazini. Kumbukumbu ya miaka zaidi ya 70 lazima ipimwe kwa uangalifu, lakini inapokutana na barua ya 1864 na lalamiko la Diggs, vikiwa vimetoka mikononi mwa watu watatu wasioshauriana, mwanahistoria ana haki ya kuegemea hapo. Na utaona jambo lingine linalojibu shaka lako la kwanza: msomaji mmoja aliwatosha wengi. Ukihesabu waliojua kusoma utapata wachache, ila ukihesabu waliosomewa utapata karibu kijiji kizima.

Waliosomewa na kuandikiwa walikuwa katika hatari yao wenyewe, na kuna barua inayoionyesha hatari hiyo kwa karibu sana. Mwezi Januari 1864 mwanamke aitwaye Ann, mtumwa huko Paris, Missouri, alimwandikia mumewe Andrew Valentine aliyekwenda jeshini. Anasema kwamba anatendewa vibaya zaidi kila siku, kwamba mtoto analia kwa ajili ya baba yake, na kwamba yeye na mtoto wanakaribia kuwa uchi. Chini ya barua hiyo yapo maneno ya mtu aliyeishika kalamu kwa niaba yake, akimwelekeza mume huyo: barua za mkeo usizipitishe kwa mtu yeyote, ziandike moja kwa moja kwa jina langu, usiandike mara kwa mara, na unapoandika usionyeshe kwamba umepata barua kutoka huku, maana bwana wake amemkataza kuja nyumbani kwangu na hatuwezi kumsomea kwa faragha. Nyongeza hiyo fupi inaeleza jinsi utumwa ulivyokuwa ukishikiliwa mwaka wake wa mwisho katika Missouri. Waume wameondoka na bunduki, na waliobaki nyumbani wanalipishwa kwa kuondoka kwao. Bwana bado anaweza kumzuia mwanamke asivuke barabara kwenda kusomewa barua, lakini njia ya pili ya barua imekwisha kufunguliwa nyuma yake na jirani mwenye karatasi na wino. Na unapoisoma barua kama hii kumbuka daima kwamba maneno ya Ann yamepita katika mkono wa mwingine, kwa hiyo usijenge hoja juu ya neno moja moja alilochagua.

Barua za mabwana nitazipitia upesi, ingawa ndizo nyingi zaidi, kwa sababu hazina ugumu mkubwa wa kuzifahamu. Wanaume wa Kusini walipokwenda vitani, wake zao waliachiwa mashamba na watumwa, wakaanza kuwaandikia waume zao na magavana kwamba kazi haifanyiki na amri hazitiiwi. Lizzie Neblett wa Texas, aliyeachiwa watumwa 11 mumewe alipoondoka 1863, alijaza barua zake habari za aina hiyo, na pale alipokuwa hapakuwa na jeshi la Muungano karibu. Wapimaji wa barua hizi hutahadharisha kwamba mwandishi anaweza kuzidisha ili mumewe apewe ruhusa, na ni kweli: sheria ya Kusini ya Oktoba 1862 ilimwachia nyumbani mwanamume mmoja mweupe kwa kila shamba lenye watumwa 20, hivyo kuonyesha hofu kulikuwa na faida. Lakini sheria hiyo yenyewe inaonyesha kwamba serikali ya waasi iliamini utumwa hauwezi kusimama bila ulinzi wa mwenye silaha. Na ipo barua moja ya bwana ambayo haina cha kutia chumvi. Tarehe 8 Januari 1865, Kusini ilipokuwa ikijadili kuwapa watumwa bunduki, Jenerali Howell Cobb wa Georgia alimwandikia Waziri wa Vita wa waasi, James Seddon, kwamba ikiwa watumwa watakuwa askari wazuri, basi nadharia yetu yote juu ya utumwa ni makosa. Aliandika akipinga. Bunge lao lilipitisha jambo hilo hata hivyo, tarehe 13 Machi, chini ya mwezi mmoja kabla ya Jenerali Robert Lee, kamanda wa waasi, kusalimu amri.

Sasa shaka lako la pili. Barua moja haiwezi kuthibitisha habari za watu milioni nne, na yeyote anayeitumia hivyo anakosea. Nguvu iko katika wingi wake na katika namna zinavyokubaliana na hesabu nyingine. Daftari za jeshi zinaonyesha askari weusi wapatao 179,000, na karibu 24,000 kati yao walitoka Kentucky, jimbo ambalo tangazo la Lincoln halikuligusa hata kidogo. Barua zinatueleza ni kitu gani kilikuwa kikitokea ndani ya nyumba nyuma ya tarakimu hizo. Lakini barua zina upogo wake, na wanafunzi waujue. Zimejaa pale jeshi lilipokuwa karibu, na zimejaa katika majimbo ya mpakani, yaani majimbo ya utumwa yaliyobaki ndani ya Muungano, ambako bwana mtiifu alikuwa na kamanda wa kumlalamikia. Katika sehemu kubwa ya Texas, ambako amri ya uhuru ilitangazwa Galveston tarehe 19 Juni 1865, sauti za watumwa wenyewe ni haba. Uhaba huo una maana yake: pale ambapo bwana bado aliishika njia na posta, barua haikuandikwa.

Wala usiwaache wanafunzi wadhani kwamba jeshi lilikuwa kimbilio salama. Mwezi Novemba 1864, katika kambi ya Nelson, Kentucky, wake na watoto wa askari weusi wapatao 400 walifukuzwa kambini wakati wa baridi kali. Askari mmoja, Joseph Miller, alitoa maelezo kwa kiapo kwamba mtoto wake mgonjwa wa miaka saba alitolewa nje katika baridi hiyo akafa, na kwamba yeye baba alitembea usiku mpaka Nicholasville, akachimba kaburi kwa mikono yake na kumzika. Hiyo si barua, ila ipo katika mafaili yaleyale na inastahili kusomwa pamoja nazo. Kelele zilizofuata zilichangia sheria ya tarehe 3 Machi 1865 iliyowaachia huru wake na watoto wa askari wote, na huko Kentucky sheria hiyo iliwafungua watu wengi miezi tisa kabla ya Marekebisho ya 13 ya katiba, yaliyofuta utumwa nchi nzima, kukamilika mwezi Desemba.

Kuhusu Lincoln, usimwondoe katika somo lako. Tangazo lake lilisaidia kulifungulia jeshi njia ya kuwaandikisha watu weusi kwa maelfu. Yeye mwenyewe aliliweka jambo hili vizuri kuliko wengi wanaomsifu. Tarehe 4 Aprili 1864 alimwandikia mhariri wa gazeti la Kentucky, Albert Hodges, kwamba hadai kuwa ameyaongoza matukio, bali anakiri wazi kwamba matukio ndiyo yaliyomwongoza yeye.

Ukitaka kuanza na barua moja darasani, chukua ya Annie Davis. Ni fupi, inatosha ubaoni. Aliiandika Bel Air, Maryland, tarehe 25 Agosti 1864, kwa rais mwenyewe. Anasema nia yake ni kuwa huru, ili aende kuwaona ndugu zake upande wa mashariki wa jimbo, na bibi anayemmiliki anamkatalia. Anaomba aambiwe kama wao ni huru na afanye nini, na anaomba jibu wiki hii au mapema iwezekanavyo. Waandikie wanafunzi barua hiyo bila kuwaambia lolote, waulize kama tangazo la Januari 1863 lilimhusu mwanamke huyu, na uwaache wabishane. Kisha uwaambie kwamba kwa sheria halikumhusu, na kwamba uhuru wake wa kisheria ulikuja tarehe 1 Novemba, siku 68 baada ya barua, kwa katiba mpya ya Maryland iliyopita kwa tofauti ya kura 375, na kwamba kura za askari waliokuwa kambini ndizo zilizoamua.